Nkhono Anaweka Akiba ya Goti

Goti la kulia la bibi yangu lilianza kusema kabla mwenyewe hajakubali kwamba linamuuma. Mko jikoni mmekaa, anainuka kuchukua chumvi, unasikia krrr-krak, kama mtu anatafuna bisi mdomo wazi. Sisi tunamwita Nkhono, kama bibi wote wanavyoitwa huku kwetu milimani. Basi Nkhono akisikia ule mlio anageuka anaangalia nyuma ya mlango, anasema, "Hawa panya jamani."

Mwaka mzima tuliishi na panya anayetembea na bibi.

Sababu ya yule panya ni mokhibo. Mokhibo ni ngoma ya wanawake, na inachezwa kwa magoti. Unapiga magoti chini, mgongo umenyooka, unapanda na kushuka, mabega yanatetemeka, mikono inaelea mbele yako kana kwamba unapepeta kitu chepesi sana. Nyuma yako wengine wamesimama, wanaimba, wanapiga makofi na ngoma. Mbele katikati anakaa mmoja, ndiye anayeanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Kijijini kwetu, Ha Ratjopa, huyo mmoja amekuwa Nkhono Mamotlatsi tangu baba yangu Motlatsi yuko mgongoni. Na kushoto kwake, nusu hatua nyuma, miaka yote hiyo amekaa Mme Mapoloko. Mme ndiyo "mama" ya kwetu.

"Huyo anasubiri nife," Nkhono husema.

"Sisubiri kitu mimi," Mme Mapoloko hujibu. "Nimepiga magoti tu. Wewe endelea kufa taratibu."

Mwaka huu mtoto wa chifu wetu alikuwa anaoa msichana wa Ha Lesaoana, ng'ambo ya mto. Harusi iliwekwa mwisho wa Septemba. Wanawake wa Ha Lesaoana wangekuja na mokhibo yao, na sisi tungecheza yetu, na watu wangetuangalia kwa zamu, halafu wangerudi nyumbani wakisimulia mpaka Krismasi nani walikuwa wazuri. Kwa hiyo halikuwa jambo dogo. Nkhono alishaosha sketi yake nyeupe ya kuchezea mara mbili, na harusi ilikuwa bado mwezi mzima.

Halafu asubuhi moja nikamkuta kwenye nyumba ya mviringo, amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa kinyesi cha ng'ombe cha kukandikia, na sakafu yote imeshakandikwa isipokuwa pale alipo yeye.

"Nkhono, unafanya nini?"

"Natafuta sindano."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipopita kwenda kuchota maji."

Nilikuwa nimeshachota maji, nimesonga uji, nimekula. Nikamshika kwapani. Panya akalia mara tatu. Akasimama huku ameuma midomo, jasho linamtoka na nje kuna barafu kwenye ndoo.

"Utanisindikiza zahanati," akasema. "Wewe tu. Wewe nakupenda kwa sababu mdomo wako una kufuli."

Hiyo ni kweli. Hata darasani najua jibu, na mwalimu anajua kwamba nalijua, lakini tunaangaliana tu mpaka kengele inalia.

Nesi wetu pale zahanati ni Mme Ntsoaki. Alimlaza Nkhono, akaweka kiganja juu ya goti, akalikunja na kulikunjua polepole, sikio ameinamisha kama anasikiliza redio yenye betri kidogo.

"Nasikia changarawe humu," akasema.

"Ni panya," Nkhono akasema.

"Ni gegedu, Mme. Mifupa yako inapokutana, kila mmoja umevaa kofia ya gegedu. Jeupe, linateleza, ndilo linalofanya mfupa usisuguane na mwenzake. La kwako limelika. Limeanza kuwa laini, likapata nyufa, likachanikachanika, likawa jembamba, na pengine kuna mahali limekwisha kabisa, mfupa kwa mfupa. Na mwili nao ukajitahidi kuziba, ukaotesha vinundu vya mfupa pembeni. Ndiyo maana goti hili limenenepa kuliko lile."

"Na hilo lililoondoka linarudi?"

"Lililoondoka halirudi kama zamani. Lakini lililobaki..."

Mlango ukafunguliwa, kichwa cha Mme Mapoloko kikaingia. Alikuja kuchukua vidonge vyake vya presha.

Sijawahi kumwona Nkhono akishuka kitandani kwa kasi vile. "Basi nesi, asante kwa dawa ya mafua," akasema. Akakohoa mara mbili. Mafua na kikohozi kwa pamoja, ili kusiwe na shaka. Akatoka amenyooka kama mlingoti, na nikajua kila hatua inamkata kama kisu.

Nikabaki mimi na nesi. Mme Ntsoaki akaniambia yote yaliyobaki, akarudia mara mbili, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Tulipofika nyumbani nikafungua mdomo. "Nkhono, nesi amesema..."

"Nimeelewa yote," akasema Nkhono.

Nikaufunga.

Kesho yake hakutoka kitandani. Kesho kutwa pia. Amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, mto chini ya goti, chai yenye vijiko vitano vya sukari pembeni, uso una amani kabisa. Nikafikiri anaumwa kweli. Akanionyesha kwa kidole nisogee.

"Umesikia nesi alivyosema? Gegedu halirudi. Sasa mtu mwenye akili anafanya nini na kitu kisichorudi? Mbegu ya mahindi unaifanya nini?"

"Unaitunza."

"Unaitunza! Huigusi mpaka siku ya kupanda. Na mimi hili lililobaki siligusi. Sitembei, siinuki, sikunji. Siku ya harusi nalitoa lote kwa mkupuo mmoja, nyimbo nne. Mapoloko atakaa nusu hatua nyuma palepale. Baada ya hapo mnibebe kwa toroli, sijali."

Alipanga vizuri kabisa. Shida ni kwamba ilikuwa kinyume cha kila kitu alichoniambia nesi, na niliyejua hivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Mama alikuwa anaweka sahani kwa kishindo. "Mafua gani haya ya wiki mbili? Hata kamasi hazimtoki!" Baba akasema mwacheni bibi apumzike. Mme Mapoloko alikuja na bakuli la supu, akakaa kitini, akamwangalia Nkhono toka kichwani mpaka kwenye ule mlima wa mto chini ya blanketi.

"Mafua yako yako mguuni?"

"Yanashuka," Nkhono akasema.

"Haya. Mazoezi naongoza mimi, kwa muda tu."

"Kwa muda tu."

"Ndivyo nilivyosema. Kwa muda tu."

Alipotoka, Nkhono aliuma kona ya blanketi.

Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza chooni, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Mwanzoni alikuwa anashika bega langu. Wiki ya pili akawa anashika bega langu na ukuta. Paja lake, ambalo lilikuwa gumu kama la farasi, lilikuwa linalegea chini ya sketi. Goti likawa gumu kukunjika, na lilikuwa linalia kabla hata hajaweka uzito. "Panya wamezaana," akasema, lakini hakucheka. Zilibaki siku kumi na sita. Nikahesabu: akiendelea kulala siku kumi na sita, hataweza hata kufika kwenye ua wa chifu, sembuse kucheza. Angepoteza nafasi yake mbele kwa sababu ya ile akiba, na aliyemnyamazia ni mimi.

Jumamosi ile baba alichinja kondoo wawili, kwa ajili ya wazee waliokuwa wanakwenda Ha Lesaoana kumalizia maneno ya harusi. Mmoja alikuwa kijana wa mwaka mmoja. Mwingine alikuwa jike mzee aliyekuwa akichechemea tangu kiangazi, hata malishoni akawa anaachwa nyuma. Nikasimama pale nikiangalia kisu kinavyopita kwenye viungo, na wazo likanijia.

"Ntate," nikamwambia baba, "naomba magoti."

Baba akainua macho. Nadhani ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake wiki ile. "Ya nani?"

"Ya wote wawili."

Akanikatia. Nikayaosha, nikayaweka kwenye sahani ya bati, nikachukua na beseni la maji na sponji ya kuoshea vyombo, nikaingia chumbani kwa Nkhono.

"Nini tena hiyo? Sina njaa."

"Si ya kula. Gusa hapa."

Akagusa goti la kondoo kijana. Kidole kikateleza chenyewe. Jeupe lenye ubuluu kidogo, linang'aa, kama yai la kuchemsha ukishalimenya.

"Hee," akasema. "Linateleza kama samaki."

"Sasa gusa hili."

Lile la jike mzee lilikuwa limefifia, rangi ya jino la mvuta tumbaku. Lilikuwa na mifereji kama njia ya mkokoteni wakati wa mvua. Katikati gegedu lilikuwa limekwisha, mfupa mtupu umesuguliwa mpaka unang'aa, na pembeni vimeota vinundu. Nkhono akapitisha kidole pale, mara moja, mara mbili. Akakiondoa.

"Huyu ndiye yule aliyekuwa anachechemea."

"Ndiye."

"Na mimi ndiye huyu."

"Bado hujafika hapo, Nkhono. Nesi amesema lako limebaki kiasi. Lakini linakufa njaa."

"Njaa? Mimi nakula!"

"Wewe unakula. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula hakilifikii kama kinavyoifikia nyama." Nikatumbukiza sponji ndani ya beseni. "Linakula hivi." Nikaiminya, maji yakatoka. Nikaachia, ikanywa. "Ukikanyaga, maji yaliyomo kwenye gegedu yanatoka. Ukiinua mguu, yanarudi na chakula. Ukilala tu..." Nikaiweka sponji kavu kwenye sahani. "Inakuwa hivi. Na paja likilegea, uzito wote unaangukia goti. Nesi amesema utembee kila siku, kidogo kidogo. Ukae kitini na kuinuka mara kumi. Na sukari upunguze, kwa sababu kila kilo unayobeba, goti linaibeba mara nne."

Sijui maneno yote yale yalitoka wapi.

Nkhono alikuwa ananiangalia. "Nani kakwambia haya?"

"Nesi. Siku ile ulipotoka na mafua."

"Na mbona hukusema?"

"Ulisema umeelewa yote."

"Na mimi nikisema nimeelewa ndiyo unaniamini? Wewe Khauhelo! Miaka kumi na mitano unaishi na mimi!"

Nilitaka kucheka na kulia. Yeye akachukua ugoro wake, akavuta, akapiga chafya moja ambayo ilikuwa dalili pekee ya mafua tuliyoiona katika wiki zote zile. Akatupa blanketi.

"Lete viatu."

Siku ya kwanza tulifika zizini na kurudi. Ilimuuma, alitukana zizi, alimtukana aliyelijenga, ambaye ni marehemu mume wake. Siku ya tatu tulifika kwenye mipichi, ambayo ilikuwa imeanza kutoa maua. Siku ya saba tulifika mpaka dukani, na akakaa kwenye kreti la soda akijifanya anaangalia bei. Nyumbani alikuwa anainuka na kukaa kitini akihesabu kwa kuimba, na ikifika kumi baba naye anapiga makofi. Chai ilishuka kutoka vijiko vitano hadi viwili. Huo ndio uliokuwa msiba mkubwa kuliko goti. "Haya ni maji ya kuoshea vikombe," alikuwa anasema kila asubuhi, na anayamaliza.

Panya hakuondoka. Nesi alituambia hivyo tuliporudi kwake: mlio unaweza kubaki, maumivu yatapungua ila hayataisha. Na mokhibo? Mme Ntsoaki alikuna kichwa kwa kalamu. "Nyimbo nne kwenye udongo mkavu, hapana. Mmoja, juu ya kitu laini, sawa. Likiuma sana unaacha. Na uwe na cha kushika wakati wa kuinuka."

Kwa hiyo ilibidi Nkhono aende kusema. Siku tano kabla ya harusi alikwenda kwenye mazoezi nyuma ya nyumba ya chifu, mimi nyuma yake. Wanawake kumi na wawili wakaacha kuimba. Mme Mapoloko alikuwa amepiga magoti pale mbele katikati. Hakusogea.

"Mafua yamepona?" akauliza.

Nkhono akasimama kidogo. "Hayakuwa mafua. Ni goti. Gegedu limelika."

Hakuna aliyeshtuka.

"Tunajua," Mme Mapoloko akasema.

"Mnajua nini?"

"Mwaka mzima tunalisikia. Ulidhani tunaimba kwa sauti kubwa vile kwa furaha? Tulikuwa tunalifunika goti lako, mama! Mpiga ngoma wetu amevunja vijiti viwili."

Wakaanza kucheka, mmoja, wawili, wote, wanashikana mabega. Nkhono alijaribu kukasirika. Alikunja uso vizuri tu, lakini haukukaa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanicheka."

"Tulikuwa tunaimba. Tungecheka, ungesikia." Mme Mapoloko akajipangusa macho. "Sema shida yako."

"Wimbo wa kwanza wangu. Tatu zilizobaki zako."

"Tatu zangu mbele katikati?"

"Mbele katikati. Usinifanye nirudie, inaniuma kuliko goti."

"Na nani atakuinua? Mimi nitakuwa napanda na kushuka, siwezi kukubeba."

Nkhono akageuka. Wote wakageuka. Nikaangalia nyuma yangu, kulikuwa na ukuta tu.

"Huyu? Huyu hasemi hata salamu," mmoja akasema.

"Sihitaji mdomo wake," Nkhono akasema. "Nahitaji bega."

Siku ya harusi jua lilikuwa kali na upepo umetulia. Wanawake wa Ha Lesaoana walicheza kwanza, na nitasema ukweli, walikuwa wazuri. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano, alikuwa na mabega kama maji yanayochemka. Watu walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Halafu ikawa sisi. Tulitandika ngozi mbili za kondoo mbele katikati, wale wale wa Jumamosi, ya jike mzee juu kwa sababu ina sufu nyingi. Nikapiga magoti kulia kwa Nkhono, mbele ya kijiji chetu, kijiji cha jirani, chifu, na wavulana wawili wa darasani kwetu. Nilikuwa naangalia ngozi tu. Nkhono akaweka mkono begani kwangu na kuanza kushuka. Kukawa kimya, wote wanasubiri sauti yake.

Krrr-krak.

Mlio ulisikika mpaka kwa chifu. Nkhono akawaangalia wageni, akainua nyusi. "Panya," akasema.

Nyuma yetu wanawake wetu walianza kucheka, na katikati ya kicheko chao Nkhono akatupa wimbo juu, wakaudaka. Mungu wangu. Nilishamwona akicheza mara nyingi lakini sikuwahi kuwa pembeni yake. Mabega yake yalikuwa yanazungumza. Alikuwa anapanda na kushuka kidogo tu, karibu huoni akisogea, lakini mikono ilikuwa inaelea mbele yake na watu walikuwa wanaifuata kwa vichwa.

Mwisho wa wimbo wa kwanza tunainuka wote huku tunaimba, na kiongozi haachi kuita. Hilo hatukulifikiria. Kwenye mazoezi alikuwa anainuka baada ya wimbo. Sasa mkono ulibonyeza bega langu, uzito ukaja, akavuta pumzi kusukuma paja, na pumzi ile ile ndiyo iliyokuwa ya kuita. Nikaona mdomo wake umefunguka, hakuna kitu. Makofi yanaendelea, zamu yake imefika, na kimya kinataka kuingia. Mme Mapoloko alikuwa upande wa pili hajui.

Nikaita mimi.

Sauti yangu ilitoka na krak yake, nyembamba, juu kuliko inavyotakiwa. Lakini ulikuwa mstari sahihi. Wanawake wakaitikia bila kukosa, na Nkhono akapanda, akapanda, akasimama, akachukua mstari uliofuata kama vile tulipanga hivyo tangu zamani. Vigelegele vilipotoka, mbwa waliokuwa wamerudi wakakimbia tena.

Nyimbo tatu zilizobaki alikaa kitini pembeni, mguu umenyooshwa. "Mabega, Mapoloko! Umelala?" alikuwa anapiga kelele. "Nitalala ukinyamaza!" Mme Mapoloko akajibu bila kukosa pigo. Alicheza vizuri. Nkhono alisema hivyo mwenyewe, akiwa amegeukia upande mwingine.

Wakati wa kula, yule kiongozi wa Ha Lesaoana mwenye kitambaa cha njano alikuja na sahani yake, akakaa karibu nasi. Nikaona jinsi anavyokaa, mkono mmoja kwanza, halafu upande, halafu pumzi. Akasogeza mdomo kwenye sikio la Nkhono.

"Hawa panya wenu," akanong'ona, "mnawapa nini? Na sisi tunao."

Nkhono akanigeukia. "Khauhelo, mweleze. Anza na sponji."

Nikamweleza, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anauliza maswali mengi, nami nikayajibu yote, na nyama yangu ikapoa.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa bado na baridi, na kila mtu nyumbani amelala kama gunia. Mimi magoti yangu yalikuwa yananiuma kidogo, ya miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimevuta blanketi kichwani. Nikasikia krrr-krak, krrr-krak inakuja mlangoni, halafu fimbo ikagonga.

"Amka wewe," Nkhono akasema. "Gegedu lina njaa."